Namna ya Kula Zawadi Kabla Hujaifikisha

Jumapili unakwenda kumsalimia mama mkwe, na safari hii hutaki kupeleka sukari na sabuni kama kila mtu. Umeamua kununua boksi la chokoleti mchanganyiko, zilizotengenezwa kwa mkono, katika duka dogo la Masaki. Hongera. Sasa tuambizane ukweli, sote ni watu wazima: zote 16 hazitafika. Kazi yetu ni kuzipunguza kwa heshima.

1. Omba boksi la pili. Ukiwa bado dukani, lipia la 16, kisha mwombe muuzaji boksi tupu la tisa, "la mtoto achezee." Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Boksi la 16 lenye mapengo saba ni ushahidi. Boksi la tisa lililojaa ni zawadi.

2. Meza kadi. Si kwa mdomo, itie mfukoni. Ni ile inayotaja kilichomo ndani ya kila moja: korosho, karafuu, tangawizi, pasheni. Asiyejua kuwa kulikuwa na ya pasheni hataiulizia.

3. Lisingizie jua. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako, ndiyo maana chokoleti hulainika ukiiweka tu ulimini. Sasa uko kwenye foleni ya Mwenge, saa nane mchana, dirisha la daladala limegoma kufunguka. Ukila hapo hujaiba, umeokoa. Anza na za korosho. Haziyeyuki haraka kuliko nyingine, ila ni tamu zaidi.

4. Jiite mkaguzi. Chokoleti yenye kiini laini, aliyoibuni Jean Neuhaus huko Brussels mwaka 1912, haionyeshi siri yake kwa nje. Utampelekeaje mzazi kitu usichokijua? Ukishaing'ata, imalize. Nusu haipelekwi ukweni.

5. Usiogope madoa meupe. Zikilala kwenye joto au kwenye friji huweza kuota ukungu mweupe juu. Ni mafuta ya kakao au sukari iliyojitokeza, na haidhuru. Huu ni ukweli mtupu, kwa hiyo utumie kwa uangalifu: ndio pekee utakaousema siku hiyo.

6. Hutubia. Kabidhi kwa mikono miwili, "Shikamoo mama," na usimpe nafasi ya kuhesabu. Anzia Kyela, kunakotoka kakao nyingi ya Tanzania. Simulia mbegu zinavyovundikwa kwa siku kadhaa, zinavyoanikwa juani, zinavyokaangwa, zinavyosagwa. Ukifika kwenye kusagwa, chokoleti tisa zitaonekana mali ya kurithishana.

7. Tuliza dhamiri. Kutoka Kyela hadi Masaki, kila mkono ulioishika kakao hiyo ulibaki na chake: mnunuzi, msafirishaji, mwenye duka. Wewe ni mkono mmoja zaidi. Mkulima ndiye huenda hajawahi kuionja, lakini yeye hakualikwa Jumapili.

8. Kataa. Mama akikukaribisha uonje, rudi nyuma kidogo, useme: "Vitu vitamu vinanishinda, mama." Futa kwanza pembe za mdomo.

9. Kubali kushindwa. Mama ataliweka boksi kabatini, "la wageni." Wiki mbili baadaye shemeji yako atabisha hodi kwako akiwa na boksi lilelile, utepe umefungwa upya kwa ustadi kuliko wa dukani. "Mama anasema ni za mjukuu wake." Utafungua. Zitakuwa nne, moja kila pembe, na katikati karatasi laini imefinyangwa vizuri kujaza nafasi.

Pokea kwa mikono miwili. Mshukuru mama kwa simu siku hiyohiyo. Usihesabu. Kisha angalia kama mjukuu amelala.