Sifa za Kidole Gumba Kisichosomeka

Washairi wamekwisha kusifu macho, shingo na mwendo. Kidole gumba cha mkulima wa Buha hakuna aliyekikumbuka. Kimeshika mpini wa jembe tangu utotoni, kimemenya muhogo wa Kibondo, kimepukuchua mahindi ya Kasulu, mpaka mistari yote ambayo mwenyewe alizaliwa nayo imefutika. Ukikiweka kwenye mashine, mashine haioni mtu.

Nchi iliutambua ukubwa wake mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole. Unakuja na namba yako ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, tarakimu 20, halafu unaweka kidole. Namba inakubali, kidole kinagoma. "Jaribu tena, mama," anasema kijana wa kibandani. Mama anajifuta kwa kanga, anakipuliza, anakitia mate kidogo, anabonyeza mpaka kucha inakuwa nyeupe. "Bado, mama. Hebu lete cha mkono wa pili." Mwisho ulipangwa uwe Desemba 31; Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020. Sidai kwamba aliziongeza kwa heshima ya vidole vya Kasulu, ila sijui vingine vilivyozihitaji zaidi.

Siku hizi kidole kimepandishwa cheo. Mwalimu wa Kibondo, ambaye Jumamosi ni mkulima kama jirani zake, ana programu ya kutunza nywila kwenye simu: ya benki, ya barua pepe, ya maombi ya ajira, zote zimefungiwa nyuma ya nywila mama moja ndefu. Kuiandika kwenye kioo kilichopasuka, juu ya bodaboda, ni adhabu. Ndiyo maana watu wanataka kugusa tu ifunguke.

Apple walipoleta kufungua simu kwa kidole mwaka 2013 walisema uwezekano wa kidole cha mgeni kukubaliwa ni 1 kati ya 50,000, wakati namba ya tarakimu nne hubahatishwa mara 1 kati ya 10,000. Siku chache hazijapita, wadukuzi wa Chaos Computer Club wa Ujerumani wakaifungua simu hiyo kwa kidole bandia, kilichotengenezwa kutokana na alama iliyoachwa kwenye kioo. Mwaka uliofuata mmoja wao akaonyesha alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa nchi yao wakati huo, aliyoitoa kwenye picha tu. Sasa aje Kasulu na kamera yake. Apige picha kidole chetu kutwa nzima, akikuze apendavyo. Mwenyewe anacho mkononi na hakimfungulii. Mwizi wa picha atapata nini?

Na usingizi je? Marekani, mwaka 2016, mtoto wa miaka sita alichukua kidole cha mama yake aliyelala, akafungua simu na kuagiza vitu vya Pokémon vya dola 250. Huku kwetu mtoto angekibonyeza hadi majogoo.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, ni kulinda kumbukumbu. Katika programu hizi kidole si ufunguo wenyewe. Ufunguo huzaliwa na nywila mama. Kidole huiambia simu tu itoe ufunguo iliokwisha kuuhifadhi. Mwenye kidole laini hugusa miezi sita bila kuandika neno, simu ikatumbukia mtoni, akabaki anatazama simu mpya kama mgeni mlangoni. Wetu hasahau. Kidole kikikataliwa mara tano, simu inamsubirisha au inadai namba ya siri. Simu ikizima kwa kukosa chaji, ikiwashwa inadai namba kwanza. Nywila mama nayo anaiandika asubuhi, anaiandika jioni, na neno limemkaa kichwani kama jina la mwanawe.

Wenye wivu watasema kwamba kidole kikigoma sana, watu huchoka na kuweka mwaka wa kuzaliwa, au humwambia wakala, "Nisaidie mwanangu, namba ni ileile." Ni kweli, wapo. Lakini tukiri: ni chombo gani kingine cha usalama kilichojenga imani kubwa namna hii kati ya mtaa mzima na kijana mmoja wa kibanda, ambaye hakuomba kuaminiwa?

Wajuzi wanashauri usajili kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho mpini haukisugui sana. Ukisajili mara mbili, mara kikiwa kikavu, mara kikiwa kimetoka kuoga. Kisha uiagize programu ijifunge baada ya dakika moja na idai nywila mama mara moja kwa wiki. Nasikia inafanya kazi vizuri. Lakini hicho cha pete kimelima nini?