Baba Salma Ameleta Namba

Huku Afrika Kusini kibali cha kuvua baharini kwa kujifurahisha hununuliwa posta. Unapanga foleni nyuma ya bibi aliyefuata kifurushi chake, unalipa, unapewa karatasi, na kuanzia hapo serikali inakutambua kuwa mvuvi. Samaki ndio huwa hawajaarifiwa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kule soko la Deep Sea mtu akitoka majini huulizwa kapata nini, basi. Durban nimeangukia kwa watu ambao wakipata samaki humpima, humtia alama, kisha humrudisha alikotoka. Mradi wenyewe unaendeshwa na taasisi ya utafiti wa bahari ya hapa hapa mjini tangu 1984, na wavuvi wa kujitolea wameshatia alama samaki zaidi ya laki tatu. Unapewa sindano yenye tundu, vijiuzi vya plastiki vyenye namba, na kadi za kujaza. Kitoweo unajitafutia kwingine.

Navulia Blue Lagoon, mto Umgeni unapoingia baharini. Pazuri, ila maegesho ya magari yako mgongoni mwa mvuvi, na Jumamosi jioni yamejaa watu wanaokula bunny chow: mkate uliokombwa ndani ukajazwa mchuzi. Mimi situmii kamba wala ngisi; chambo changu ni samaki wa plastiki aliyening'inizwa ndoana zenye ncha tatu tatu. Ili aende mbali, lazima fimbo irudi nyuma kwanza, na nyuma ndiko waliko wenye mikate. Siku moja nilirusha, nikahisi fimbo nzito. Kilichopita juu ya kichwa changu kilikuwa kipande cha mkate, kikanimwagia mchuzi wa maharage begani kabla ya kutua kwenye wimbi. Mwenyewe, bwana mmoja mnene aliyeegemea gari lake, wala hakukasirika. Alisubiri nimalize kuvuta mshipi, akauliza kama na huo nitaupima kabla ya kuuachia.

Magari hayo hulindwa na Mkongo mmoja wa Uvira, kwao alikuwa mwalimu wa hesabu, na sisi tunamwita Mwalimu. Amekulia kando ya Tanganyika, kwenye mikebuka na ndagala, kwa hiyo samaki anawajua. Siku niliyonasa kolekole wa maana, aliacha magari ya watu akaja mbio.

Hapo hakuna muda wa kupoteza. Samaki alazwe juu ya kitambaa kilicholowa, afunikwe macho atulie, apimwe kuanzia mdomoni hadi kwenye panda ya mkia, sindano iingie chini kidogo ya pezi la mgongo, arudi majini. Mwalimu akashika mkia, mimi nikashika sindano.

"Ni chanjo?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Anapewa namba."

"Kama ya kitambulisho?"

"Kama ya kitambulisho."

Akanyamaza kidogo. "Ndugu, mimi niko hapa miaka mingi, makaratasi yangu ingali inazunguka maofisini. Samaki huyu anapata yake dakika moja?"

Sikuwa na jibu, na kolekole hakunipa nafasi ya kulitafuta. Alipiga mkia, kadi ikaruka majini na kalamu ikaifuata. Bahati nzuri mwalimu wa hesabu hasahau tarakimu: aliisoma namba mara moja, akawa anairudia kwa sauti huku mimi nimeingia maji hadi kiunoni, nimemshika samaki wima mpaka apate nguvu. Alipochomoka, maegesho mazima yaliguna. Kuna aliyepiga honi, na haikuwa ya pongezi.

Nyumbani Mama Salma alikuwa ameshakuna nazi.

"Baba Salma, umeleta nini?"

"Nimeleta namba."

"Namba ya nani?"

Ndoa yangu haijawahi kuhitaji maelezo ya haraka namna ile. Nikaeleza kolekole, sindano na kadi. Kwamba samaki huyo akikamatwa tena, namba itaonyesha kaenda wapi na kakua kiasi gani. Kwamba wako wanaopatikana karibu na pale pale walipoachiwa, na wako waliosafiri mamia ya kilomita. Alipoelewa kwamba hakuna mwanamke, alikasirika zaidi. Tulikula wali na mchicha wa nazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe Durban, Msumbiji au Mtwara, ukikuta samaki ana kijiuzi cha plastiki mgongoni, usikitupe. Nakili namba, mpime urefu, andika tarehe na mahali, upeleke kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe. Samaki ni wako, mle kwa raha zako. Ila kama ni kolekole, tafadhali, habari za utamu wake zisimfikie Mama Salma.