Sifa za Taa ya Bafuni Kwangu

Washairi wameusifu mwezi hadi umechoka. Leo naomba niisifu taa ya bafuni kwangu, ambayo haiandami wala haichwei, imetulia pale pale darini, juu kabisa ya bomba la mvua.

Fadhila yake kuu ni ucha Mungu. Kuna watu huingia kuoga wakiimba. Kwangu haiwezekani. Holda yake ni ile ya plastiki nyeupe, wazi, haina kifuniko wala mpira. Mvuke ukipanda, matone hujipanga kwenye ukingo wake yakisubiri zamu, na nyuma yake pana volti 230. Ukiwa chini na povu machoni, unakumbuka madeni yako, unawakumbuka uliowasengenya, unawaomba radhi mmoja mmoja kwa majina. Mwanangu wa kidato cha tatu, ambaye kumwamsha kwa sala ya alfajiri ni kazi ya watu wawili, siku hizi hafungui maji bila bismillahi, na akitoka salama hushukuru kwa sauti. Shemeji yangu, Mkristo wa Krismasi na Pasaka tu, alioga hapa akatoka amebatizwa upya. Mhubiri gani mwingine anafanya kazi hiyo kwa wati 9?

Tena inafundisha unyenyekevu: ukisimama kwenye kioo inabaki mgongoni, kwa hiyo ndevu unanyoa kwa kukumbuka. Mende nao, wapenda giza, hawana malalamiko.

Wataalamu hawaipendi. Wanataka taa ya karibu na maji iwe na alama kama IP44, ile 4 ya pili ikimaanisha maji yakiirukia kutoka upande wowote hayaidhuru. Wanataka pia kifaa cha kukata umeme ukivuja miliampia 30. Mambo ya watu wasio na imani.

Hata hivyo nilimwita fundi aisogeze hatua moja tu, ije upande wa kioo. Akatoboa jipsamu, akachungulia. "Bosi, waya mfupi. Tunaunga hapa, tunapiga tepu." Boksi la kuungia je? "Hiyo sasa gharama." Nikamuuliza ni nani mwenye akili zake aliyeweka taa juu ya bomba. Akacheka. Taa iliwekwa katikati ya chumba, na ipo katikati mpaka leo. Kilichokuja baadaye ni ukuta. Bafu moja la haki lilipasuliwa mawili ili kila upande uitwe masta, na kodi ya miezi sita mbele ikapanda kote kote. Jirani wa upande wa pili anaoga kwa tochi ya simu.

Jamani! Mtu anajenga ukuta, anapitisha mabomba, anabandika vigae mpaka juu, halafu kipande cha waya kinamshinda? Na dalali, aliyelamba kodi ya mwezi mzima, alituleta saa nane mchana, jua linawaka dirishani: "Kila kitu kipo, bosi."

Nikampigia mama mwenye nyumba, nikamwamkia.

"Sogeza tu, mwanangu, hapo ni kwako."

Moyo ukalainika. Gharama? Zangu. Nikamweleza itakavyokuwa, mwanga usoni, kifuniko cha kuzuia maji. Akanyamaza kidogo.

"Basi mkataba ukiisha tutazungumza, maana bafu litakuwa la kisasa."

Nikimuaga, akakumbuka jambo.

"Na siku ukihama, baba, uirudishe ilipokuwa."