Heko kwa Wenye Vyeo Vitamu

Enzi za mkoloni, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, mambo yaliendeshwa kikavu mno. Aliyekusimamia aliitwa mnyapara, wewe uliitwa manamba, na kipande chako kilijazwa siku baada ya siku hadi zitimie 30 ndipo ulipwe. Hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam ya leo, kwenye ghorofa zenye viyoyozi, hatuna budi kuwashukuru wataalamu wa HR. Wametuvusha salama, tena kwa kubuni vyeo tu.

Mkubwa wao kwa umri ni Afisa Utumishi. Yuko halmashauri, ana kabati la chuma na majalada. Kazi yake ni kulitunza jalada lako. Likipotea, kazi yake ni kukutaka ulete upya nakala za vyeti, zote zimegongwa muhuri wa wakili. Wapo wanaomlaumu. Mimi namsifu, maana hata mama mzazi hajawahi kujali kiasi hicho kama kweli ulimaliza darasa la saba.

Baadaye akaja Meneja Rasilimali Watu, nasi tukapanda daraja: tukakaa safu moja na misitu, madini na gesi asilia. Rasilimali huvunwa, na hilo halijawahi kufichwa.

Mkuu wa Vipaji yeye hutangaza nafasi kwa mtu “anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira ya shinikizo”. Shinikizo analitoa mwenyewe, bila makato. Halafu yupo Mshirika wa Biashara wa Rasilimali Watu. Usimuulize hisa zake ziko wapi. Ukimpelekea malalamiko dhidi ya bosi wako atakusikiliza kwa utulivu, ataandika kwenye daftari, atakuuliza wewe umechangiaje tatizo hilo, na kabla ya saa ya chakula bosi wako atakuwa ameshapata habari. Ushirika ndio huo.

Huko Marekani, Google waliipa idara yao jina la Operesheni za Watu. Jina zuri, ingawa wazee wetu waliohamishwa na Operesheni Vijiji miaka ya 1970 wangeomba kwanza waonyeshwe lori.

Lakini kilele cha fani ni Mkuu wa Watu na Utamaduni. Huyu ndiye anayekumbuka siku yako ya kuzaliwa, akaagiza keki, akakupiga picha ukiwa na kisu mkononi na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kwa hiyo kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilipoamua kupunguza watu, ilimtuma yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika. Yote yalifanyika asubuhi moja, chini ya bango lililoandikwa “Safari ya Mabadiliko”. Kulikuwa na sambusa. Mezani palikuwa na boksi la tishu na bahasha za kaki zilizopangwa kwa herufi, jambo lililotuonyesha kwamba mashauriano yalikuwa yamekwenda vizuri kabla hatujafika.

Alitueleza, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, kwamba hatuachishwi kazi bali “tunaachiwa nafasi ya kuchanua”. Nafasi hiyo kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotumikia, mwisho miaka 10. Waliotumikia 17 walielezwa kwamba hiyo saba iliyobaki ni uzoefu. Kwamba mtu ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kijitabu chake chenye picha za alizeti hakikutaja, bila shaka kwa kukosa nafasi.

Kabla ya kurudisha kitambulisho tulijaza fomu ya mahojiano ya kuondoka. Swali la mwisho liliuliza kama kuna mtu ungependa umpendekeze aje kufanya kazi hapa. Jirani yangu wa dawati alifikiri kidogo, akaandika jina na namba ya simu ya mwenye nyumba wake.