Mashine ya Finjani, Kiu ya Ndoo

Mashine ndogo ya espreso hununuliwa na mtu mwenye kikombe kikubwa, na hapo ndipo fujo inapoanzia. Kikombe chenyewe, kile cha mililita 300 kilichozoea chai ya maziwa, hata hakienei chini ya mdomo wa mashine. Hulazwa upande kama mgonjwa anayenyweshwa uji, nusu ya kahawa ikaishia mezani. Kisha kitufe huminywa na kuachwa, maji yapite tu mpaka kijae. Pampu inanguruma, mashine inatetemeka, inajisogeza taratibu kuelekea ukingoni mwa meza. Kinachotoka mwanzo ni cheusi na kizito. Baada ya nusu dakika kinapauka. Mwisho ni maji yaliyosuuziwa sufuria. Mnywaji akionja anakunja uso, analaumu kahawa.

Kahawa haina kosa. Aliyewahi kukamua nazi anajua kuwa mkamuo wa kwanza hutoa tui zito, wa pili jepesi, na wa tatu ni kuosha machicha. Tena machicha ya nazi yana adabu: yakiishiwa ladha hutoa maji tu. Unga wa kahawa hauna adabu hiyo. Uchachu na utamu huyeyuka mapema, uchungu na ukakasi huja nyuma, na anayezidisha maji anawaalika hao wa nyuma. Ndiyo maana kipimo kinachotumika sana ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 za kahawa ndani ya sekunde 25 hadi 30, kwa mgandamizo wa baa 9 hivi. Kwa mwendo huohuo, mililita 300 zingechukua karibu dakika 4. Yai lingekwisha kukaangwa, na lingekuwa na ladha nzuri zaidi.

Atatokea wa kusema: mbona Waitalia wenyewe wana lungo, espreso iliyorefushwa? Wanayo, lakini bado ni ya kikombe kidogo, na anayeitengeneza vizuri husaga kahawa yake iwe na chembe kubwa kidogo. Mwingine, mwenye msimamo mkali, atadai kuongeza maji ya birika ni uchakachuaji, kama wa mafuta ya taa kwenye dizeli. Sikubaliani naye. Maji ya birika hayapiti kwenye unga, kwa hiyo hayana uchungu wa kuchota. Yanapunguza ukali, basi. Kinywaji hicho kina jina lake, amerikano, na hakuna aliyeshtakiwa. Tia kwanza maji ya moto mililita 150, kisha mimina kahawa juu yake, povu lisipotee. Kwa maziwa, mashine nyingi za bei nafuu zina kichemshio kimoja: ikishatoa kahawa hungoja ipate joto la mvuke, na ikipewa maziwa ya kikombe kizima mvuke hukohoa huku kahawa ikipoa pembeni. Bandika maziwa jikoni.

Pwani, kahawa chungu hunywewa kwa finjani, na anayetaka zaidi humnyooshea muuzaji finjani yake aongezewe. Sijui mtu anayeomba masimbi ya kahawa yamwagiwe maji mpaka bakuli lijae. Basi mwenye mashine naye atoe ya pili kwa unga mpya. Anayetaka nusu lita kila asubuhi, sufuria na chujio la chai vinauzwa dukani, na havingurumi.