Mkungu wa Mama Mkwe

Kama umeoa utanielewa, na kama bado, soma tu, siku zako zinakuja. Nyumbani kwangu anayehubiri subira huwa si yule mwenye njaa. Umeme ukikatika mpira ukiwa dakika ya themanini na tisa, Mama Koku ananiambia nijifunze subira. Maji ya bomba yakikata nikiwa na povu kichwani, sauti inatoka sebuleni, tulivu kabisa, "Subiri kidogo, Baba Koku, yatarudi." Sauti hiyo hiyo, ikikosa chaja ya simu yake, nyumba nzima hatukai.

Sasa sikiliza habari ya mkungu.

Ulishuka Stendi ya Magufuli, pale Mbezi, umeviringishwa kwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kamba kama maiti ya heshima. Umetoka Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, umepita Kahama, Singida na Dodoma umelala chini ya basi, na ngozi yake bado kijani ya kung'aa. Nikalipa mzigo, nikalipa mbebaji, nikamlipa dereva wa bajaji aliyeshikilia kwamba mkungu ule ni abiria wa pili. Sikubishana naye sana. Nawajua abiria wengi waliokuwa wadogo kuliko ule.

Mimi ni mtu wa Pangani. Ndizi zetu ni mzuzu, tunazipika kwa tui na hiliki, mwezi wa Ramadhani mtu anakula mpaka anasahau alifunga kwa ajili ya nini. Lakini hata sisi watu wa pwani tunajua kwamba ndizi iliyotoka Bukoba ikiwa kijani vile, haiji mjini kutembea. Inakuja kuingia sufuriani. Kwa hiyo nikapita buchani nikachukua nyama ya mbavu kilo mbili, nikapita gengeni nikachukua nyanya, vitunguu na hoho, nikaingia nyumbani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Weka chini," akasema Mama Koku. "Mama kasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Kasema tusubiri."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Simu ilikuwa inakatakata. Nimesikia 'msubiri'. Sasa wewe unataka nimuulize mama yangu maswali kama polisi?"

Hapa lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, ambaye mbele yake namwita Mama na nyuma yake (tafadhali isifike mbali) namwita Mkuu wa Mkoa. Ana simu ya tochi. Huiwasha akiwa na jambo la kusema, akishalisema huizima, ili betri isiishe kwa upuuzi wa watu kumpigia. Ukimtafuta humpati, yeye ndiye hukutafuta. Nami nimeshapendekeza tumnunulie simu janja. Mke wangu akaniuliza kama nina tatizo na mama yake, mada ikafungwa.

Basi Mkuu wa Mkoa akishasema subirini, sisi wananchi tunasubiri. Mkungu ukaegeshwa ukutani jikoni. Nyama ikaliwa na ugali.

Sasa ndani ya nyumba hii yumo pia Shemeji Fasta, mdogo wake Mama Koku. Alikuja kwa wiki mbili kutafuta kazi, wakati huo kitindamimba wetu bado ananyonya. Kitindamimba sasa yuko darasa la kwanza. Namwita Fasta kwa sababu kila kitu kwake kinataka kiishe leo, isipokuwa hilo la kazi. Huyu alizunguka mkungu mara mbili, akagusagusa, akatoa hukumu. Mtu akikupa ndizi mbichi akakwambia subiri, unasubiri nini kama si ziive?

Nikasema, shemeji, hizi ni za kupika. Angalia tu.

Ndipo akaingilia binti yangu Koku, yuko kidato cha tatu, na kwa jinsi anavyobishana nimemwita Mwanasheria tangu hajaota meno ya utu uzima. Akaniuliza kama ninajua kwamba kwenye kibanja cha bibi kule Bukoba kuna migomba ya kila aina, ya ndizi za kupika, za kula mbivu, za kuchoma na za pombe, yote imechanganyika na mibuni kuzunguka nyumba. Nikasema ninajua. "Sasa baba una ushahidi gani kwamba huu ni wa kupika?" Nikasema macho yangu. Akasema macho ya mtu mwenye njaa si ushahidi.

Mama yake akacheka. Nikajua kesi imekwisha.

Ikaanza zama ya kungoja. Kila asubuhi kabla ya shule, mdogo wake Koku, huyo tunamwita Kidole na sasa utaelewa kwa nini, alikuwa anakwenda jikoni kubonyeza ndizi moja moja kwa dole gumba kuangalia kama zimelainika. Hazikulainika. Zilipata alama nyeusi tu, mstari mzima, kama zimepigwa mihuri ya serikali ya mtaa. Kuna mtu akapendekeza tuziweke kwenye friji "zitulie". Nikapinga kwa nguvu, kwa sababu hilo nalijua. Ndizi haipendi baridi, hata meli zinazozivusha bahari huzitunza kwenye nyuzi 13 au 14 hivi, zikishuka hapo ganda linakuwa jeusi na kuiva kunagoma. Mama Koku akaniangalia. Mtu anayejua habari za meli, akasema, lakini hajui kufunga mlango wa friji.

Shemeji Fasta hakuweza kuvumilia tena. Akaja na wazo la kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, amesikia kuna watu sokoni wanaivishia matunda. Namshukuru Mungu kwa mambo machache katika ndoa yangu, na mojawapo ni kwamba siku ile Mama Koku alimfokea yeye badala yangu. Kabaidi ikipata unyevu hutoa gesi inayolivuruga tunda likadhani wakati wake umefika, na pengine ndani yake mna chembe za aseniki, ambayo ni sumu. Koku aliyasema yote hayo kwa pumzi moja, huku mjomba wake akitazama dari.

Halafu, kwa bahati mbaya, binti yangu akaendelea kufundisha. Akaeleza kwamba tunda lenyewe lina gesi yake, ethilini. Ndizi ikianza kuiva inaitoa, gesi inaamsha ndizi ya jirani, na hiyo nayo inaamsha nyingine. Wanga unageuka sukari, ganda linapoteza kijani. Ukiweka parachichi lililoiva karibu na ndizi mbichi ukafunika, mambo yanakwenda mbio.

Shemeji alisikia neno moja tu, mbio.

Jioni nikakuta mkungu umekatwa chane chane, umetiwa kwenye gunia pamoja na maparachichi na maembe, gunia limefungwa, na limewekwa chumbani kwangu. Kwa nini chumbani kwangu? Kwa sababu kuna joto. Kwa nini kuna joto? Kwa sababu feni iliharibika, na nilipotaka kuipeleka kwa fundi niliambiwa nisubiri mwisho wa mwezi. Nikalala na gunia. Mama Koku alihamia kwa watoto, anasema harufu ya maembe inamuumiza kichwa. Usiku mmoja nikaota nimefungiwa kwenye soko la Ilala.

Na zikaiva. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ethilini haina adabu. Sikuona chane hii leo na ile kesho, hapana. Zote, kuanzia juu mpaka kile kichane cha mwisho chenye ndizi za kitoto, zilikuwa njano asubuhi moja. Shemeji Fasta akashika moja juu, akasema kwa sauti ya mgeni rasmi, "Mvumilivu hula mbivu!"

Tukala. Kimya kikapita.

Ladha yake nikueleze vipi? Haikuwa mbaya. Ilikuwa na utamu wa mbali, unaouona ukija halafu unapinda kona. Kidole alikula moja akaomba mkate. Tukawapelekea majirani, nao wakashukuru, kesho yake wakaturudishia sahani ikiwa na papai, ambayo kwetu ni njia ya kusema inatosha. Za kukaanga zilikunywa mafuta nusu chupa. Mbuzi wa jirani wa nyuma alifika, akanusa, akachagua mfuko wa nailoni.

Tukiwa bado katikati ya vita hiyo simu ikalia. Mkuu wa Mkoa kawasha.

"Niko Mbezi. Mnipokee."

Kumbe alikuwa njiani siku zote. Aliupakia mkungu, naye akapanda basi la nyuma yake, akashuka Kahama kumwona mtoto wa dada yake aliyejifungua. Akaombwa abaki kidogo kumwogesha mtoto, akabaki. Alishuka stendi na kikapu cha dagaa, maharage machanga, na furushi la majani mabichi ya mgomba ya kufunikia sufuria, maana kwake ndizi isiyofunikwa kwa majani yake haijapikwa, imechemshwa. Tulipofika hakukaa hata kitini. Akauliza mkungu uko wapi, niliwaambia mnisubiri niupike.

Mnisubiri.

Nikasimama pale mlangoni nikingoja haki yangu. Nilingoja mtu yeyote katika nyumba ninayoilipia kodi aseme, Baba Koku alisema tangu siku ya kwanza. Fasta alikuwa anachunguza ukucha. Mama mkwe akafungua gunia, akatazama, akalifunga taratibu. Kisha akanigeukia mimi. Mimi!

"Baba," akasema kwa upole ule unaouma, "mlikuwa na haraka ya nini?"

Nikafungua kinywa. Mwanasheria akaniwahi. "Bibi, baba alikuja na nyama siku ile ile mkungu ulipofika."

Ushahidi huo ulipokelewa na pande zote. Mama Koku akatikisa kichwa kwa huzuni ya mke mvumilivu.

Mama hakukasirika, na hilo ndilo gumu. Mtu ambaye hutunza chipukizi la mgomba zaidi ya mwaka mzima, akilitia samadi na kulifunika nyasi, akikata moja na kuacha jingine, hawezi kukasirikia gunia. Akasema tu kwamba hizi hata pombe hazifai, za pombe ni nyingine. Akala ugali na dagaa wake. Akasifu chumvi.

Baada ya chakula akatuliza mioyo yetu. Tusihuzunike, kule kibanjani kuna mgomba mwingine, mzuri kuliko huo, kaka yao mkubwa atautuma mkungu wake ukikomaa. Na safari hii yeye hatakubali makosa ya simu. Atakaa hapa hapa, aupokee kwa mikono yake na aupike mwenyewe.

"Vizuri sana, Mama," nikasema, kwa sauti ya mkwe mwema. "Na umefikia wapi huo mkungu?"

"Bado haujatoa ua."

Koku akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Nikamwambia aende akalale.