Nchi Inayodai Pesa ya Chupa

Aibu ya kukataliwa na mtu ina dawa, maana mtu utamsuta au utamsengenya. Aibu ya kukataliwa na mashine haina pa kuipeleka. Mwanafunzi mgeni nchini Ujerumani huionja mapema, Jumamosi jioni kwenye supamaketi, akiwa na mfuko wa chupa tupu mkononi na foleni nyuma yake. Anaingiza chupa kwenye tundu la duara, mashine inaizungusha, inaitafakari, kisha inamrudishia. Anaiingiza tena, safari hii kitako mbele. Inarudi. Bibi aliye nyuma yake anashusha pumzi, na pumzi ile haihitaji mkalimani. Waliomuaga walimwonya juu ya baridi na upweke. Hakuna aliyemwambia kwamba usomi wake utapimwa kwanza kwa chupa ya maji. Nami nashikilia kwamba mtihani huo ni wa haki, na kwamba anayeielewa chupa ile ameielewa nchi nzima: huko haaminiwi mtu kwa maneno, kila mtu hutanguliza pesa. La kuuliza ni moja tu, kama wote wanatangulizishwa sawa.

Utaratibu wenyewe unastaajabisha, na anayeubeza hajautazama vizuri. Tangu Januari 2003, vinywaji vingi vya kopo au vya chupa ya plastiki isiyojazwa tena huuzwa pamoja na senti 25 za ziada, na orodha imekuwa ikirefushwa tangu hapo. Senti hizo hurudi chombo kinaporudi. Mashine huizungusha chupa ili isome ile mistari myeusi ya utambulisho na alama ndogo ya chupa, kopo na mshale uliopinda. Kwa hiyo mgeni aliyeiminya chupa yake ili ienee mfukoni, au aliyebandua lebo kwa kujipitishia muda, ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Chupa ikikubaliwa huminywa humohumo kwa mlio mkali, isije ikadaiwa mara ya pili, kisha hutoka kikaratasi cha kumpelekea keshia. Ya bia, ile ya kioo, ina sheria zake: ni senti 8, haiminywi, inaoshwa na kujazwa upya, na duka lisilouza aina hiyo laweza kuikataa. Ya mvinyo kwa kawaida haina hata senti. Hiyo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani, nyeupe kivyake, kahawia kivyake, kijani kivyake, na ya buluu, ambayo haikutengewa mahali, hukaribishwa na kijani. Jumapili usithubutu, maana mlio wa kioo unavunja mapumziko ya majirani. Usicheke bado: zaidi ya asilimia 95 ya chupa na makopo yenye pesa hurudi. Na asiye na muda wa kurudisha huisimamisha chupa yake chini, kando ya pipa, ili mwokotaji asitumbukize mkono kwenye taka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza, sasa ugeni uko wapi? Duka la mtaani nalo halikuachii uondoke na soda ya chupa mpaka uache chupa nyingine au pesa yake. Ni kweli. Lakini Mangi wa dukani anajua unakaa kwa mama nani, na akiridhika atakwambia, "Nenda nayo, utaileta kesho." Hapo dhamana ni sura yako. Mashine haimjui mama nani wala haina kesho, na wengi hukimbilia kusema kwamba huo ndio ubaridi wa Wazungu. Mimi simo. Wema wa Mangi unaishia kwa anaowajua. Mpangaji aliyehamia jana anaacha pesa, tena huku akitazamwa. Mashine humdai profesa senti 25, na mwanafunzi aliyeshuka ndege juzi senti 25 hizohizo. Mbele yake hakuna mwenyeji.

Fedheha nyingine zinafuata mkondo huo na hazistahili zaidi ya mstari. Kigari cha supamaketi kinataka sarafu ndipo kifunguke. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi miezi mitatu ya kodi. Jumapili maduka yamefungwa, umwa njaa au usiumwe. Ada ya redio na televisheni ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Yote yanakera, na yote yanamkera mwenyeji vilevile.

Kinachoniudhi hasa ni pesa nyingine, inayodaiwa kabla hata ya tiketi ya ndege. Tangu Septemba 2024, mwombaji wa viza ya masomo asiye na ufadhili wala mdhamini aliyeko huko kwa kawaida huweka yuro 11,904 kwenye akaunti ya kufungiwa, Sperrkonto, kisha akishafika anaachiwa 992 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Watu huuza shamba kwa ajili hiyo. Raia wa Umoja wa Ulaya hadaiwi. Na hiyo 992 haikuokotwa njiani: ni kiwango cha juu cha msaada ambao serikali ya Ujerumani humpa mwanafunzi wake asiyejiweza, nusu ruzuku, nusu mkopo usio na riba. Yaani kiasi anachopewa mtoto wa nyumbani kwa sababu hana, ndicho anachodaiwa mgeni athibitishe kwamba anacho. Chupa ina bahati kuliko mwanafunzi, maana haiulizwi imetoka wapi.

Watasema masomo kwenye vyuo vingi vya umma hayana ada, basi tushukuru. Tunashukuru, ila shukrani haikatazi kuuliza hesabu, na isitoshe Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi wasio wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Watasema pia kwamba akaunti ile inamlinda mgeni asije akalala stendi. Hoja hiyo ina uzito, na asiyeikubali hajakaa bila kodi kwenye baridi. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu afanye kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Siku 140 za saa 8 ni yuro 14,358 kabla ya makato, nyingi kuliko wanazotaka zifungiwe. Kazi inaweza kukosekana, sawa. Basi wadai nusu mwaka, muda wa kutosha mtu kutafuta kibarua, na nusu iliyobaki wamwamini kama wanavyomwamini mwenyeji anayekopeshwa leo alipe miaka ya mbele. Wakishindwa hata hilo, waache kuita ulinzi kitu ambacho kazi yake ni kuchuja maskini.